Tupige Picha Anga Letu Wenyewe

Mwezi wa Mei mwaka 2021 ilizagaa katika simu za watu video moja fupi. Ndani yake mwezi mkubwa kama mlima unachomoza, unakimbia juu ya upeo wa ardhi, unalifunika jua kwa sekunde chache, kisha unatumbukia upande wa pili. Maelezo yaliyoambatana nayo yalidai kwamba hayo ndiyo yanayoonekana huko ncha ya kaskazini ya dunia. Nilitumiwa video hiyo na watu wanne katika siku mbili. Watatu kati yao ni walimu, na mmoja wa hao watatu alifundisha jiografia kwa miaka ishirini na ushei. Haikuwa picha ya kamera hata kidogo. Ilikuwa kazi ya msanii aliyeichora kwa kompyuta.

Uongo haukuanza jana, kwa hiyo huo pekee haukunishangaza. Kilichonisumbua ni yule mwalimu wa jiografia. Anajua kwamba mwezi uko mbali nasi kiasi cha kilomita 384,000. Amelifundisha hilo, amelisahihisha katika madaftari ya mamia ya watoto, na bado aliamini. Maarifa alikuwa nayo. Alichokosa ni mazoea ya kuutazama mwezi wenyewe, na zaidi ya hapo mazoea ya kuupiga picha. Mtu aliyewahi kuelekeza simu yake kwenye mwezi mpevu anaijua aibu inayompata: mwezi uliokuwa umeyajaza macho yake unatoka kwenye picha ukiwa nukta nyeupe mfano wa punje ya mchele. Akinyoosha mkono, kidole chake kidogo kinaufunika wote. Mtu huyo hawezi kudanganywa kwa mwezi ulio kama mlima.

Hoja yangu ni hiyo, ndugu msomaji, na sitaizungukazunguka. Kupiga picha za anga, yaani za kupatwa kwa jua na mwezi, za yale mawingu ya gesi na vumbi baina ya nyota yaitwayo nebula, na hata za mianga ya aurora kwa wale wanaoishi karibu nayo, si anasa ya Wazungu wenye fedha. Ni kazi ya shule. Sisi walimu tumeikataa kazi hiyo, tena kwa visingizio visivyosimama wima.

Tuchukue tarehe 1 Septemba 2016. Siku hiyo ya Alhamisi jua lilipatwa kipete, na njia ya kivuli ikakata kusini mwa nchi yetu. Rujewa, wilayani Mbarali katika mkoa wa Mbeya, ndipo palipopata jina. Wataalamu, akiwemo Dakta Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, walikuwa wameitangaza habari hiyo mapema, na watu wakaja kutoka mbali, wenyeji kwa wageni. Kabla kidogo ya saa sita mchana mwezi uliingia katikati ya jua ukabakiza pete nyembamba ya moto, na pete hiyo ikadumu karibu dakika tatu. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekwisha kustaafu, nikasafiri kwa basi na mjukuu wangu tukiwa na kamera ndogo ya dijitali na kioo cha mchomeleaji vyuma, namba 14, tulichokibandika mbele ya lenzi kwa utepe mweusi.

Picha tulizopata kwa kioo kile si za kujivunia. Zote zilikuwa za kijani kama maji ya bwawa. Picha nzuri kupita zote hatukuipiga kwa kuelekeza kamera juu, bali chini. Tulikuwa tumesimama karibu na mwembe, na kila upenyo mdogo baina ya majani ulikuwa ukilitupa jua ardhini pamoja na umbo lake. Mchanga chini ya mti ule ulijaa pete, mamia ya pete ndogondogo za mwanga zimepandana kama magamba ya samaki. Hakuna hatari yoyote, kwa jicho wala kwa kamera, katika kuipiga picha hiyo. Simu ya bei ya chini kabisa inaiweza.

Sasa msomaji asikie kilichonikera, na kinachonikera hadi leo. Asubuhi ile, mwezi ukiwa umekwisha kuanza kulimega jua, tulipita kwenye shule moja ya msingi. Jina lake nalihifadhi, kwa kuwa haikuwa peke yake. Watoto walikuwa wamefungiwa madarasani. Madirisha yasiyo na vioo yalikuwa yamezibwa kwa maboksi na khanga. Nilipouliza, mwalimu wa zamu alinijibu kwa adabu zote, "Shikamoo mzee. Tumeambiwa tuwakinge wasiharibike macho." Nilimwitikia marahaba, nikamwuliza, "Na somo lenyewe watalipata lini?" Alicheka kwa haya. Mamia ya watoto walikaa gizani, na nje, umbali wa hatua ishirini, miti ya shule yao wenyewe ilikuwa ikiwachorea jua lililomegwa juu ya mchanga, bila ada, bila kitabu, bila mtu wa kulitazama.

Najua jicho huharibika. Sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga haina hisi ya maumivu, huungua mwenyewe asijue mpaka jioni anaposhindwa kusoma. Tahadhari ni ya haki kabisa. Lakini tahadhari ni kumfundisha mtoto alipe jua mgongo, ashike boksi lenye tundu la sindano, atazame mwanga unaoanguka kwenye karatasi. Kumfungia ni kitu kingine. Mtoni kuna mamba, lakini hatuwafungii watoto ndani. Tunawaonyesha mahali salama pa kuchota maji.

Wala nisieleweke kwamba nawadharau wazee waliolihofia jua kupatwa. Wa pwani walisema chewa, yule samaki mkubwa, amemeza mwezi, na watoto wakatoka na madebe kumpigia kelele autapike. Angalau walitoka nje! Huko Ankole, magharibi mwa Uganda, husimuliwa jinsi Mfalme Olimi wa Bunyoro na watu wake, wakiwa na ng'ombe waliowateka, walivyofikiwa na giza la mchana pale Biharwe, wakatimka wakawaacha ng'ombe. Wanahistoria wamelihesabu giza hilo kuwa la mwaka 1520, na tarehe hiyo moja imewafaa sana katika kuzipanga nasaba za wafalme wa eneo hilo. Watu waliokimbia kwa hofu walikumbuka barabara kiasi kwamba kumbukumbu yao inatumika baada ya miaka mia tano. Na Waislamu wamefundishwa tangu siku jua lilipopatwa baada ya Mtume kufiwa na mwanawe Ibrahimu kwamba jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kifo cha mtu yeyote wala uhai wake. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba ni mila au dini inayotuzuia. Waliowafungia watoto mwaka 2016 walikuwa na vyeti vya ualimu.

Miaka thelathini na sita kabla ya hapo, tarehe 16 Februari 1980, kivuli kamili cha mwezi kilipita Zaire, Tanzania na Kenya. Nilikuwa mwalimu kijana, miaka michache tu nimetoka chuo cha ualimu. Chuoni tulifundishwa kuchora ubaoni miduara mitatu kwa chaki za rangi, jua na mwezi na dunia, na kukoleza kivuli kwa ubapa wa chaki. Mchoro ule nimeuchora mara nyingi mno. Lakini sijapata kuona hata picha moja ya siku ile iliyopigwa na mwanafunzi wa Kitanzania. Wakati ule kisingizio cha kukosa kamera kilikuwa cha kweli, maana filamu ilikuwa adimu kama sabuni. Leo ingia ofisi yoyote ya walimu saa nne asubuhi, uhesabu kamera zilizolala mezani zikichajiwa. Kamera tunazo. Tunazitumia kupiga picha za harusi na za chakula.

Rafiki yangu mmoja, mkaguzi wa shule mstaafu kama mimi, huniuliza kila tunapokutana, "Mwalimu, hizo nebula zako zitatuchimbia matundu ya vyoo?" Ni swali zuri, na linapigiwa makofi kila linapoulizwa. Ila halijibiki kwa sababu halikuulizwa ili lijibiwe. Hakuna shilingi ya choo niliyoiomba. Hebu tuone kwa hesabu kinachohitajika.

Jamii ya nyota ya Orioni kila mtu anaijua, hata asipojua jina: ni zile nyota tatu zilizopangana mstari. Chini ya mstari huo pana nyota nyingine ndogo, na ya katikati si nyota. Ni wingu la gesi linalong'arishwa na nyota changa zilizo ndani yake, nebula iliyo maarufu kupita zote. Mzungu wa London huliona chini, karibu na mapaa ya nyumba, katika usiku wa baridi kali. Sisi hutupita karibu utosini. Kamera ya kawaida inayobadilishwa lenzi, hata iliyokwisha tumika, ikiwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu na lenzi ya milimita 50, inaweza kuachwa wazi sekunde nane hadi kumi kabla dunia haijazunguka kiasi cha kuzifanya nyota ziwe vijistari. Sekunde nane ni chache, picha inatoka imejaa chenga kama televisheni ya zamani. Basi piga picha mia. Zirundike moja juu ya nyingine kwa programu ya kompyuta isiyouzwa, kama DeepSkyStacker au Siril. Chenga haziangukii mahali pamoja, kwa hiyo hufutana. Wingu liko palepale, kwa hiyo hubaki. Kwa picha mia chenga hupungua mara kumi. Mwalimu wa hesabu anayetafuta mfano wa kipeo cha pili, huo hapo.

Na anayetaka kuacha kamera wazi kwa dakika nzima aende kwa seremala. Mbao mbili, bawaba moja ya kuziunganisha kama kitabu, na bolti ya milimita 6, ile ambayo kutoka jino hadi jino ni milimita 1. Bolti ipite kwenye ubao wa chini umbali wa sentimita 22.9 kutoka kwenye bawaba. Ukiizungusha mzunguko mmoja kila dakika, ubao wa juu unafunguka kwa kasi ileile inayozunguka dunia, na kamera iliyofungwa juu yake inazifuata nyota. Hapa pana jambo ambalo vitabu vya Ulaya havitalisema kwa ajili yetu. Bawaba lazima ielekee ncha ya anga. Huko kwao ni kuiinua nyuzi hamsini kuifuata Nyota ya Kaskazini. Kwetu, mtu aliye Mbeya ataielekeza kusini na kuiinua nyuzi tisa tu, karibu ilale chini. Wala hakuna nyota angavu ya kumwonyesha ncha hiyo. Itambidi ajue latitudo yake na aitafute kusini ya kweli, ambayo si lazima iwe kusini ya dira. Mwanafunzi aliyetengeneza kitu hicho kwa mikono yake amesoma jiografia, fizikia, hesabu na useremala kwa usiku mmoja, na nina hakika hatasahau latitudo ni nini.

Lililo gumu kwangu kulivumilia zaidi ni hili la Kilimia. Hakuna kundi la nyota lililo letu kama hilo. Jina lenyewe limetokana na kulima. Wakulima na mabaharia walijua kwamba kikizama wakati wa jua kitazuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua kitazuka kwa jua, wakapanga kazi zao kwa hilo. Tumekitazama Kilimia kwa karne nyingi. Hata hivyo wingu la buluu linalokizunguka halikufichuliwa na mkulima wetu, wala haikuwa kazi ya jicho pekee. Mwaka 1885 ndugu wawili wa Paris, Paul na Prosper Henry, walikipiga picha, na bamba likaonyesha wingu karibu na mojawapo ya nyota zake, ambalo waliokitazama kwa darubini hawakuwa wameliona. Jicho hupokea mwanga na kuusahau papo hapo. Bamba la picha huuweka akiba. Ni tofauti ya mtu anayekula mshahara siku ileile na mtu anayeweka kidogokidogo.

Wingu lile ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota zenyewe, na mwanga huo umesafiri miaka kama 440 kutufikia. Uliondoka huko Wareno wakiwa bado hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa, maana ujenzi wake ulianza mwaka 1593. Ni somo la historia na la fizikia kwa pamoja, linaning'inia juu ya bati la darasa kila alfajiri ya Agosti, tena wakati wa kiangazi ambapo mikoa yetu mingi haina mawingu. Wapigapicha wa Ulaya hulipa nauli na malazi kwenda katika mashamba ya Namibia ili walipate anga la kusini, na nebula ya Karina ambayo haichomozi kabisa kwao. Anga hilo kwa sehemu kubwa ndilo lililo juu ya vijiji vyetu ambavyo umeme haujavifikia. Sikusudii kuusifu ukosefu wa umeme. Nasema tu kwamba tunalipa gharama ya giza bila kuchukua faida yake.

Watu wengine huafiki yote haya, kisha husema, basi tuwaachie wataalamu. Hapo ndipo ninaposhindwa kunyamaza. Ni mtaalamu gani? Warren De la Rue alikuwa mfanyabiashara wa karata na bahasha, na kampuni ya familia yake ndiyo iliyokuja kuchapa noti za nchi nyingi, za Kenya zikiwemo. Tarehe 18 Julai 1860 alilipiga picha jua lililopatwa huko Hispania. Picha zake, zikilinganishwa na za padri Angelo Secchi aliyekuwa sehemu nyingine ya nchi hiyo, zilionyesha kwamba ndimi nyekundu zinazoonekana pembeni mwa mwezi ni za jua lenyewe. Isaac Roberts alikuwa mkandarasi wa majenzi kule Liverpool. Picha yake ya Andromeda ya mwaka 1888 ndiyo iliyoonyesha umbo la mzunguko kama wa konokono katika kitu ambacho siku zile kiliitwa nebula, na ambacho leo tunajua ni galaksi.

Kama hao ni wa zamani mno, tuje huku. Januari mwaka 2004 Jay McNeil, Mmarekani wa Kentucky, akiwa nyumbani kwake na darubini yenye kipenyo cha milimita 76 tu, sawa na mdomo wa kikombe kikubwa cha chai, alinasa karibu na zile nyota tatu nebula ambayo haikuwa katika ramani yoyote. Leo inaitwa kwa jina lake. Na Andromeda ileile ya Roberts, iliyopigwa picha na kila mtu duniani mwenye darubini, ilikuwa na jingine la kutoa. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba wapigapicha wa ridhaa, Mjerumani Marcel Drechsler na Wafaransa Xavier Strottner na Yann Sainty, wamepata tao kubwa la gesi ya oksijeni kando yake, baada ya kuirundika mianga ya zaidi ya saa 100. Darubini kubwa za serikali zilikuwa zimelipita. Nasema "wa ridhaa" kama tunavyosema mchezaji wa ridhaa: si mtu asiyejua, ni mtu asiyelipwa.

Kuna hoja ya mwisho inayotolewa na watu werevu zaidi, nayo ni ya rangi. Husema picha hizi ni za uongo, kwa kuwa mtu akitazama kwa darubini haoni wekundu wala buluu, anaona ukungu wa kijivu. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Mei 2024 dhoruba kubwa kutoka kwenye jua iliipiga dunia, na mianga ya aurora ikapigwa picha hata Namibia na Afrika Kusini, mahali isipozoeleka. Wengi walisema macho yao yaliona weupe hafifu, lakini simu ikaonyesha waridi na wekundu. Je, simu ilidanganya? (Kwa njia, siku hiyo ya pili yake, Jumapili tarehe 12, intaneti ilisuasua Tanzania na Kenya kwa kuwa nyaya za chini ya bahari zilikuwa zimepata hitilafu, na nilimsikia kwa masikio yangu mtu akiapa kuwa ni jua.)

Simu haikudanganya. Seli za jicho zinazofanya kazi gizani hazitambui rangi, ni maumbile. Gesi ya oksijeni ikigongwa na chembe za kutoka kwenye jua hutoa kijani katika kimo cha kilomita mia moja na zaidi, na wekundu juu zaidi ya hapo. Haidroji katika nebula hutoa wekundu wake wenyewe. Rangi ziko huko. Kamera huzikusanya kwa sababu ina subira. Tangu Mjerumani Martin Brendel alipoinasa aurora kwenye bamba huko Norwe mwezi Januari mwaka 1892, picha imekuwa ikiona kuliko mwenye kuipiga. Huko Alberta, Kanada, wapenzi wa aurora walikuwa wakipiga picha za utepe wa zambarau usiofanana na aurora ya kawaida. Wakaubatiza Steve kwa mzaha. Wanasayansi walipolinganisha picha zao na vipimo vya setilaiti walikuta gesi yenye joto kali iendayo kasi, na mwaka 2018 wakaliandikia jambo hilo makala ya kisayansi. Jina la mzaha wakaliacha.

Hata hivyo hoja ya rangi ina ncha yake ya ukweli, nami sitaificha kwa kuwa inawagusa wa upande wangu. Ziko picha ambazo rangi zake zimepangwa na mwenye kuzitengeneza. Ile maarufu ya mwaka 1995 iliyopigwa kwa darubini ya Hubble, ya nguzo za vumbi, mwanga wa salfa ulipewa wekundu, wa haidrojeni kijani, wa oksijeni buluu, ili wanaosoma picha watofautishe gesi. Wenyewe walilisema hilo waziwazi. Ubaya unaanza pale mpigapicha wa ridhaa anapofanya hivyo na kunyamaza, au anapoongeza nyota, au anapoupandikiza mwezi mkubwa nyuma ya Kilimanjaro na kuwaacha watu washangilie. Huyo ni ndugu wa yule aliyetutumia mwezi wa ncha ya kaskazini. Kwangu mimi picha ya anga isiyo na cheti chake haina thamani darasani: tarehe, saa, mahali, lenzi, sekunde, idadi ya picha zilizorundikwa, na kila kilichofanywa baadaye. Mwanafunzi aandike hayo nyuma ya picha kama anavyoandika jina na mkondo juu ya daftari. Akizoea kuviandika, atazoea kuviuliza kwa picha za wengine, na hapo ndipo ninapotaka tufike. Mtoto aliyerundika picha mia za Orioni, akaziona chenga zikipungua, hatamwamini kila anayemwambia "imepigwa jana usiku".

Vyuo vya ualimu ndivyo vya kulaumiwa kwanza, kuliko mwalimu wa zamu niliyemkuta na maboksi madirishani. Yeye alifanya alichofundishwa, na hakufundishwa kitu. Tunamtoa mwalimu chuoni akiwa na mchoro wa miduara mitatu, hajawahi kukaa nje usiku mmoja na wakufunzi wake. Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa kikamilifu juu ya Afrika Mashariki yote, kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi karibu saa nne, jioni ya Jumapili, saa ya kistaarabu kabisa. Mwezi uliopatwa haudhuru jicho la mtu. Hauhitaji kioo cha mchomeleaji. Niliwauliza vijana watano wanaosoma ualimu katika eneo letu. Mmoja aliuona, kwa bahati, akitoka kununua vocha.

Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli kitapita kusini mwa Hispania, kaskazini mwa Afrika, Misri, Saudi Arabia, Yemen na Somalia, na pale Luxor giza litadumu zaidi ya dakika sita. Sisi wa Kenya na Tanzania tutaliona jua likimegwa upande tu. Itakuwa Jumatatu mchana. Miwani ya karatasi inayofaa huandikwa ISO 12312-2, na huagizwa miezi mingi kabla, si wiki ya mwisho ambapo wachuuzi huuza za uongo. Miwani hiyohiyo ikiwekwa mbele ya lenzi ya simu inatosha kupiga picha. Mti wenye majani mengi hauagizwi popote. Shule isiyo na mti itoboe kipande cha bati kwa msumari mwembamba, matundu kumi au ishirini, mtoto mmoja akishike juu ya kichwa na mwingine apige picha ya mchanga, kila baada ya dakika tano, akiandika saa.